Leonhard Euler na Namba Zilizoitwa Haziwezekani

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita tulikaa nyuma ya darasa la tatu, katika shule moja ya msingi hapa Chumbageni, mjini Tanga, tukiwa na daftari la tathmini mkononi. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha kutoa alifika mahali ambapo kila mwalimu wa hisabati hufika. Aliandika ubaoni 3 toa 5, akawaambia watoto kwamba jambo hilo haliwezekani, kisha akaendelea na somo la kukopa makumi. Mtoto mmoja wa mvuvi alinyosha mkono. Alieleza kwamba baba yake amechora alama katika nguzo anayofungia ngalawa, na kwamba maji yakiwa alama 3 juu ya mstari mkubwa, kisha yakapwa alama 5, hayasimami njiani kwa sababu eti 3 ni ndogo kuliko 5. Akataka kujua maji hayo huwa yamefika wapi. Darasa zima lilicheka. Mwanachuo alimwamuru akae chini, nasi tukaandika katika daftari letu kwamba nidhamu ya darasa ilikuwa nzuri.

Jioni ile, tulipoyasoma tena maandishi yetu, tuliona haya. Kosa la mwanachuo lilikuwa la ugeni wa kazi. Kosa letu lilikuwa kubwa zaidi, kwani tulikuwa tumeisifu darasani amani iliyonunuliwa kwa kumnyamazisha mtoto aliyekuwa na hoja. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuwasimulia wanachuo wetu maisha ya mtaalamu mmoja ambaye kazi yake kubwa ilihusu namba ambazo wakubwa wa zama zake waliziita zisizowezekana, na ambaye alipokuwa kipofu alitunga kitabu cha mafunzo chenye uwazi wa kustaajabisha. Mtu huyo ni Leonhard Euler.

Masomo ya Jumamosi

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1707, mjini Basel, nchini Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa, na mtoto alikulia Riehen, kijiji kilicho karibu na mji huo. Baba alikuwa amepata kusikiliza mihadhara ya hisabati alipokuwa chuoni, na yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe hesabu za mwanzo. Mwaka 1720, akiwa na umri wa miaka 13, kijana aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Baba alitaka mwanawe awe mchungaji kama yeye.

Chuoni hapo alikuwapo Johann Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya wakati ule. Kijana alimwendea akaomba afundishwe faraghani. Bernoulli alikataa kwa kuwa kazi zake zilikuwa nyingi, lakini alimpa ushauri uliokuwa bora kuliko masomo aliyoombwa. Alimtajia vitabu vigumu avisome peke yake, akamruhusu kuja nyumbani kwake kila Jumamosi alasiri na yale tu yaliyomshinda. Kijana alijitahidi wiki nzima ili afike na maswali machache kadiri iwezekanavyo. Uzeeni alikumbuka kwamba mara nyingi tatizo moja lilipofunguliwa na mwalimu wake, mengine kumi yalijifungua yenyewe.

Mwalimu-mwanafunzi aizingatie njia hiyo. Bernoulli hakumwaga maarifa katika kichwa cha kijana kama amwagaye maji mtungini. Alimwachia kazi, na alimwachia pia mlango wa kuulizia. Hatimaye Bernoulli ndiye aliyemshawishi mchungaji Paul amwache mwanawe aifuate hisabati.

Milingoti, maji na jicho moja

Mwaka 1727 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitoa swali la kushindaniwa kuhusu namna bora ya kupanga milingoti katika jahazi. Euler, kijana wa miaka 20 kutoka nchi isiyo na bahari, alipeleka jibu lake na kutajwa kwa heshima, ingawa zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Pierre Bouguer. Mwaka huo huo aliondoka Basel na kwenda Urusi, katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg. Mwaka 1733 alikabidhiwa uprofesa wa hisabati hapo, na mwaka uliofuata akamwoa Katharina Gsell. Walijaliwa watoto 13, lakini ni watano tu waliofikia utu uzima.

Kwa walimu wa shule za msingi, jambo moja la miaka hiyo lina uzito wa pekee. Mtaalamu huyu, ambaye tayari jina lake lilikuwa limevuma, alikaa akaandika kitabu cha hesabu kwa wanafunzi wa shule iliyokuwa chini ya chuo hicho. Kilichapishwa katika sehemu mbili, mwaka 1738 na mwaka 1740, nacho kilieleza kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na sehemu. Hakuona kwamba kazi hiyo inamshushia hadhi. Karibu na wakati huo huo alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho lake la kulia.

Mwaka 1740 alishiriki zawadi nyingine ya Paris, safari hii kwa maandishi juu ya jambo ambalo kila mtoto wa Tanga analijua kwa macho, yaani kujaa na kupwa kwa bahari. Zawadi hiyo waligawana watu wanne, mmoja wao akiwa Daniel Bernoulli, mwana wa mwalimu wake. Katika maandishi yake Euler alionyesha kwamba kinachoyasukuma maji hasa ni ile sehemu ya mvuto wa mwezi inayovuta kwa ulalo juu ya uso wa bahari, wala si ile inayoyainua wima.

Berlin: uzi, ngoma na namba ya ajabu

Mwaka 1741 Euler alihamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Friedrich II wa Prussia, akakaa huko miaka 25. Mfalme alipenda wasemaji hodari wa barazani. Euler alikuwa mtu wa maneno machache, mcha Mungu na mpenda nyumba yake, na mfalme hakuona aibu kulifanyia mzaha jicho lake bovu. Hata hivyo ni katika miaka hiyo kwamba mawazo mawili makubwa yalikutana mikononi mwake.

Wazo la kwanza ni mlinganyo wa mawimbi. Mwaka 1747 Mfaransa Jean le Rond d'Alembert alitunga mlinganyo unaoeleza jinsi uzi uliokazwa unavyotikisika, na mwaka uliofuata Euler akaushika. Wawili hao hawakukubaliana. D'Alembert alidai kwamba umbo la kwanza la uzi sharti lielezeke kwa kanuni moja ya hisabati. Euler alijibu kwamba mpiga udi akiuvuta uzi kwa kidole, uzi hufanya kona, na kona hiyo haitusubiri tuitungie kanuni. Uzi hutikisika tu. Katika miaka ya 1760 aliueneza mlinganyo huo hata kwenye ngozi ya ngoma.

Wazo la pili ni la zile namba za ajabu. Kila namba halisi ikizidishwa kwa yenyewe haitoi jibu hasi: 2 mara 2 ni 4, na -2 mara -2 pia ni 4. Je, ni namba gani ikizidishwa kwa yenyewe hutoa -1? Tangu Mwitaliano Girolamo Cardano alipokutana na namba za jinsi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1545, wataalamu walizitumia kwa woga, wakiziita za kudhaniwa au zisizowezekana. Euler hakuzifukuza. Alizifuata kwa kanuni zile zile za kujumlisha na kuzidisha, akatazama zinakompeleka. Katika kitabu chake cha mwaka 1748 alionyesha kwamba kwa msaada wa namba hizo, hesabu za kitu kinachokua kwa kujizidisha na hesabu za kitu kinachozunguka duara ni za ukoo mmoja. Mwaka 1777 aliipa namba hiyo alama ya herufi i, ingawa maandishi yenyewe yalichapishwa mwaka 1794, baada ya kifo chake. Namba yenye sehemu halisi na sehemu ya i twaiita namba changamano.

Mshale unaozunguka

Tuyaeleze hayo kwa njia ambayo mwanachuo aweza kuichora. Mchoro huu haukuchapishwa na Euler. Ulitolewa baadaye na Caspar Wessel, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1799, na Jean-Robert Argand mwaka 1806.

Chora mstari wa namba, sifuri katikati. Chora mshale kutoka sifuri hadi 1. Ukizidisha kwa -1, mshale hugeuka nusu duara na kuelekea -1. Sasa tuulize: ni kugeuka kwa namna gani ambako kukifanywa mara mbili huleta nusu duara? Ni robo duara. Basi i ni mgeuko wa robo duara, na mshale husimama wima nje ya mstari wa namba. Ndiyo maana watu hawakuiona: walikuwa wakiitafuta juu ya mstari, nayo iko kando.

Kwa kuhesabu, twaandika safu mbili. Mshale wenye 3 katika safu ya kwanza na 2 katika safu ya pili, ukizidishwa kwa i, huwa na -2 na 3. Ukizidishwa tena huwa na -3 na -2. Kanuni ni fupi: badilishana nafasi, kisha geuza alama ya ile iliyokuja mbele. Mtoto wa darasa la juu aweza kuifuata.

Mshale huo una uhusiano gani na mawimbi? Tuuache uzunguke kwa mwendo wa daima, tukitazama safu ya kwanza tu. Itapanda hadi kilele, itashuka hadi chini ya sifuri, na itarudi. Hilo ni wimbi. Bahari yetu hufanya hivyo kwa muda wa kama saa 12 na dakika 25 kwa athari ya mwezi. Jua nalo lina mshale wake mfupi zaidi, unaozunguka kwa saa 12 kamili. Mishale hiyo miwili ikielekea upande mmoja, hujumlika nasi tukapata bamvua. Ikielekeana kinyume, hupunguzana nasi tukapata maji mafu. Kwa kuwa mmoja ni mwepesi kuliko mwingine, hukutana tena kila baada ya siku zipatazo 15. Wavuvi wa Tanga wamezihesabu siku hizo kwa mwezi tangu zamani.

Sasa twafika kwenye kiini cha jambo. Tuseme mwanafunzi ameshuka pwani akakuta maji yako kati kwa kati, si juu wala si chini. Je, yanajaa au yanapwa? Kimo cha maji peke yake hakimwambii. Safu ya pili ndiyo inayojua: ikiwa chanya, maji yanapwa, ikiwa hasi, maji yanajaa. Ile sehemu iliyoitwa ya kudhaniwa ndiyo yenye habari za mwendo. Kwa hiyo anayekokotoa mawimbi kwa namba changamano asiitupe safu ya pili katikati ya kazi kwa sababu haionekani pwani. Aibebe hadi mwisho, ndipo asome jibu lake katika safu ya kwanza.

Hatua kwa hatua

Milinganyo mingi ya mawimbi haikubali kutatuliwa kwa kanuni moja safi, hasa pwani ikiwa na ghuba na visiwa kama yetu. Katika kitabu cha mwaka 1768 Euler alieleza njia ya kuhesabu kwa hatua ndogo: tazama kitu kinaelekea wapi sasa, kisogeze kidogo upande huo, halafu utazame tena. Hadi leo njia hiyo huitwa kwa jina lake, na mashine za kukokotoa hutumia njia zilizozaliwa kutokana nayo.

Tuijaribu kwa mshale wetu, tukienda kwa hatua ya 0.1. Kila mara, safu ya kwanza hupunguzwa sehemu ya kumi ya safu ya pili, na safu ya pili huongezwa sehemu ya kumi ya safu ya kwanza iliyokuwapo kabla ya kupunguzwa. Twaanza na 1 na 0, maji yakiwa yamejaa. Hatua ya kwanza hutoa 1 na 0.1. Ya pili hutoa 0.99 na 0.2. Ya tatu hutoa 0.97 na 0.299. Yaonekana kila kitu ni salama, maji yameanza kupwa.

Lakini kuna hatari iliyojificha. Katika kila hatua tunausogeza mshale kwa pembe mraba kutoka pale unapoelekea. Urefu wa mshale wa zamani ni upande mmoja wa pembetatu, hatua yetu ni upande wa pili, na mshale mpya ni ule upande mrefu unaotazamana na pembe mraba. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande huo daima ni mrefu kuliko mwenzake. Kama mshale ni 1 na hatua ni 0.1, mshale mpya ni kipeuo cha pili cha 1.01, yaani karibu 1.005. Kosa hilo ni dogo sana, lakini halisahau kurudi. Baada ya hatua 63 mshale umemaliza duara moja, na urefu wake ni karibu 1.37. Siku za bamvua hapa Tanga maji hupanda kama meta 1.5 juu ya usawa wa kati. Hesabu yetu ingetangaza zaidi ya meta 2 kwa maji yanayofuata, na karibu meta 2.8 kwa yale ya baadaye. Hakuna dhoruba iliyotokea. Bahari imevimba katika daftari tu.

Tiba yake ni nzuri kwa mwalimu wa maumbo. Badala ya kufuata mwelekeo wa mwanzo wa hatua, tufuate mwelekeo wa wastani kati ya mshale wa zamani na mshale mpya. Hapo hatua yetu huwa kitako cha pembetatu, na mstari unaotoka kileleni hadi katikati ya kitako hukikata kwa pembe mraba. Pembetatu ya namna hiyo ina pande mbili zilizo sawa. Basi mshale mpya una urefu ule ule wa zamani, na bahari haivimbi wala haikauki. Njia ya wastani huu ilitolewa mwaka 1947 na John Crank na Phyllis Nicolson kwa ajili ya milinganyo ya joto. Leo hutumika pia katika mlinganyo wa mawimbi wa Erwin Schrödinger wa mwaka 1926, ambao ndani yake namba i imeandikwa waziwazi.

Ni vema wanachuo waone kwamba katika maelezo hayo yote hatukuhitaji zaidi ya kutoa, kuzidisha, pembetatu na Pythagoras. Msingi wa mambo hayo makubwa umewekwa katika shule ya msingi. Ukiwekwa kombo, mjenzi wa baadaye atahangaika.

Kipofu na mtumishi wake

Mwaka 1766 Euler alirudi St. Petersburg kwa mwaliko wa Malkia Ekaterina II. Muda mfupi baadaye jicho lake la pili lilipatwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1771 alipasuliwa na kuona kwa siku chache, kisha maradhi yakalirudia jicho, akabaki katika giza kwa maisha yake yaliyobaki. Mwaka huo huo moto uliteketeza nyumba yake, na yeye mwenyewe ilibidi atolewe na mtu mwingine. Maandishi yake mengi yaliokolewa. Mwaka 1773 mkewe alifariki.

Ungetazamia kwamba mtu wa namna hiyo angeweka kalamu chini. Euler alifuta wino wa wengine akaandika kwa kauli yake. Alihesabu kichwani, akawasomea wasaidizi wake, nao wakaandika. Sehemu kubwa sana ya maandishi yake, ambayo jumla yake hupita 850, ilitoka katika miaka hiyo ya upofu, na chuo chake kiliendelea kuyachapisha kwa miaka mingi baada ya yeye kufa.

Katika hayo kimo kitabu kimoja ambacho kila mwalimu apaswa kukijua kwa habari zake, nacho ni kitabu chake cha aljebra. Kilitoka kwanza kwa Kirusi katika mwaka 1768 na 1769, kisha kwa Kijerumani mwaka 1770. Inasimuliwa kwamba Euler alimsomea mtumishi kijana aliyekuwa amejifunza ushonaji, ambaye hakuwa na elimu ya hisabati. Kila jambo lilielezwa hadi kijana huyo alielewe ndipo liandikwe. Mtumishi hakuwa karani tu, alikuwa mizani. Lililomshinda yeye lilirudiwa kwa maneno mengine. Humo mna namba hasi zinazoelezwa kwa mfano wa deni, na mna pia namba zisizowezekana, ambazo Euler alizieleza bila kumtisha msomaji wala kumdanganya. Yasemekana kijana yule alipomaliza kazi hiyo alikuwa ameweza kutatua maswali ya aljebra peke yake.

Tarehe 18 Septemba, 1783, Euler alianza siku kwa kumfundisha hesabu mjukuu wake mmoja. Alizungumza na wasaidizi wake juu ya safari za puto angani, na juu ya njia ya sayari ya Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili kabla. Alasiri alipatwa na kiharusi, na usiku ule akafariki, akiwa na umri wa miaka 76.

Tunalojifunza

Tukiyatazama maisha hayo kwa jicho la ualimu, twaona watu watatu waliokaa mbele ya mwalimu: kijana wa Jumamosi, mtumishi mshonaji na mjukuu. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa akae chini. Nasi hapa mkoani kwetu tuna kisa chetu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza, alichekwa. Hakuliacha swali lake, na mwaka 1969 likachapishwa katika jarida la elimu ya fizikia pamoja na jina la Denis Osborne, mhadhiri aliyekubali kulipima badala ya kulicheka. Hadi leo wataalamu wanajadiliana juu ya jambo hilo, na jina la Mpemba limebaki.

Hatusemi kwamba mwalimu wa darasa la tatu afundishe namba changamano, wala namba hasi kabla ya wakati wake. Twasema asiseme uongo ili kuokoa dakika. Kati ya kusema kwamba 3 toa 5 haiwezekani, na kusema kwamba jibu lake halimo katika namba tulizojifunza mpaka leo, kuna tofauti kubwa. La kwanza hufunga mlango, na mwalimu wa darasa la juu atalazimika kuuvunja mbele ya watoto walioaminishwa kwamba ni ukuta. La pili huuacha umeegeshwa.

Wanachuo watakaokwenda mazoezini muhula ujao twawashauri mambo matatu. Kwanza, wawe na daftari dogo la maswali yaliyowashinda au yaliyokuja kabla ya wakati wake, na wayaandike mbele ya mtoto aliyeuliza ili ajue swali lake limehifadhiwa. Pili, maelezo yao ya somo wayajaribu kwa mtu asiyejua, kama Euler alivyofanya, kabla ya kuyapeleka darasani. Tatu, wachore duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta 10, waanze juu yake, na kila hatua waende kwa pembe mraba sehemu ya kumi ya urefu wa mshale wa wakati huo. Wakimaliza mzunguko watajikuta wako karibu sentimeta 13.7 kutoka katikati, na watakuwa wameona kwa mikono yao jinsi kosa dogo linalorudiwa kila siku linavyokua.

Kosa letu lile la daftari la tathmini tumelisahihisha kwa wino mwekundu. Tulirudi shuleni pamoja na mwanachuo yule, tukaomba kipindi kimoja. Mwanachuo alichora nguzo ubaoni, yenye mstari mkubwa katikati na alama juu na chini yake, akamwita mtoto wa mvuvi aje mbele. Mtoto aliweka kidole katika alama ya tatu juu ya mstari, akashuka alama tano akihesabu kwa sauti, akasimama. Darasa liliulizwa maji yamefika wapi, na watoto wengi walijibu kwamba yako alama mbili chini. Safari hii hakuna aliyecheka. Namba hiyo hatukuipa jina wala alama yake siku ile. Jina litakuja kwa zamu yake, na litawakuta wenyeji.